Fimbo ya Mbali: Lugha ya Tabibu na Mtoto Mgonjwa Katika Mashauriano ya Video

Utangulizi

Wahenga wetu hawakuiona simu yenye kioo, lakini walituachia methali inayoigusa moja kwa moja: fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii huwajia wengi mdomoni kila wanaposikia kwamba daktari aliye Eldoret au Nairobi anaweza kumshughulikia mtoto mahututi aliye Lodwar au Garissa kwa kuitazama picha yake katika simu. Wapo wanaoamini kwamba teknolojia imekwisha kuibatilisha methali hiyo. Wapo pia wanaoshikilia kwamba haitabatilika daima dumu. Makala haya yana msimamo wa tatu. Fimbo ya mbali huweza kumfikia nyoka maadamu pana mkono wa karibu wa kuishika, na baina ya jicho lililo mbali na mkono ulio karibu hakuna daraja ila lugha. Katika sehemu kubwa ya nchi yetu lugha hiyo ni Kiswahili. Kwa hivyo suala la kuwatibu watoto kwa njia ya video ni letu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili sawa na lilivyo la matabibu, na kufikia sasa hatujalipa uzito unaolistahili.

Ninapotaja mtoto mahututi simkusudii yule mwenye mafua ya siku mbili. Ninamkusudia mtoto mwenye saratani, mwenye moyo uliozaliwa na kasoro, mwenye selimundu, au yule ambaye tiba ya kuponya imefika ukingoni na kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Mtoto wa aina hii huwa na wauguzi na madaktari wanaomjua kwa jina, na mashauriano yake hayamaliziki kwa cheti cha dawa. Ni katika mashauriano kama hayo ambapo lugha hupimwa kikweli.

Tiba ya masafa si ngeni kwetu

Baadhi ya watu huizungumzia tiba ya masafa kana kwamba ilizaliwa jana. Historia ya Afrika Mashariki inatuambia vingine. Shirika la AMREF lilipoasiswa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, nia ilikuwa kuwafikisha madaktari kwa wagonjwa wa mbali kwa ndege. Ndege haziwezi kuruka kila saa, na katika miaka ya 1960 shirika hilo likajenga mtandao wa redio uliofungamanisha hospitali za misheni na zahanati za mashambani na Nairobi. Muuguzi aliyekuwa peke yake nyikani aliieleza hali ya mgonjwa redioni, na daktari akajibu kwa sauti ile ile iliyojaa mikwaruzo.

Tuyatazame mazungumzo hayo kwa jicho la mwanafunzi wa lugha. Tabibu wa redio hakuona lolote. Alilitegemea neno peke yake, na kwa sababu hiyo alilazimika kuuliza kwa makini na muuguzi akalazimika kueleza kwa makini. Redio ilijua kwamba haioni. Video, kwa upande wake, hudhani kwamba inaona, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Picha humshawishi tabibu kupunguza maswali na humshawishi mama kupunguza maelezo, kwani kila mmoja hudhani kwamba mwenzake ameshaona.

Safari ya kutoka redio hadi video imekuwa na vituo vyake. Mwaka 2015 Hospitali ya Taifa ya Kenyatta iliunganishwa kwa mitambo ya video na hospitali ya Machakos ili mabingwa wawaone wagonjwa bila ya kuwasafirisha. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaitambua huduma ya afya kwa njia ya kielektroniki kuwa mojawapo ya njia halali za kutoa huduma. Kisha ukaja ugonjwa wa korona, ambao mgonjwa wake wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Jambo lililokuwa la majaribio likageuka kuwa la dharura. Septemba 2023 serikali iliwazindua wahamasishaji wa afya ya jamii takribani 100,000 waliokabidhiwa mikoba ya vifaa na simu. Almuradi, kioo cha simu kimekwisha kuingia katika nyumba ya mgonjwa, na swali lililobaki ni jinsi tutakavyozungumza ndani yake.

Umuhimu wake kwa watoto wetu hauhitaji kusisitizwa mno. Tuichukue saratani ya Burkitt, ambayo imepewa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeieleza mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Uganda. Huwapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, yakiwemo yale ya kandokando ya Ziwa Victoria. Uvimbe wake hukua kwa kasi ya kutisha tayani au tumboni, lakini mtoto akiwahi dawa na akazimaliza ana tumaini kubwa la kupona. Neno zito hapo ni kuzimaliza. Familia inayotoka Lodwar hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret husafiri zaidi ya kilomita 300, na mtoto aliyetoka kutiwa dawa za saratani huwa kinga yake imeshuka, hivi kwamba kikohozi cha abiria mmoja ndani ya matatu chaweza kumgharimu uhai. Ziara moja inayoweza kufanywa kwa video ni nauli iliyookolewa, siku za kazi zilizookolewa, na pengine mtoto aliyeokolewa.

Wanayoyaona na wasiyoyaona

Wauguzi na madaktari wa nchi za Skandinavia, Uingereza na Australia, ambako huduma hii kwa watoto imezoeleka zaidi, wameeleza tajriba zao katika tafiti mbalimbali, na maelezo yao yanafanana kwa mambo kadha wa kadha. Kwanza, huifurahia nafasi ya kumwona mtoto akiwa kwao. Hospitalini humwona amejikunyata kwa hofu ya sindano. Nyumbani humwona kitandani mwake, miongoni mwa nduguze, akiwa na kikaragosi chake mkononi. Pili, husema kwamba mashauriano hufaulu zaidi ikiwa wamewahi kukutana ana kwa ana na familia hiyo. Uaminifu uliojengwa wodini huweza kuendelezwa katika kioo, lakini kuujenga kuanzia msingi ndani ya kioo ni kazi ngumu. Tatu, huingiwa na wasiwasi wa kupitwa na dalili. Nne, na hili ndilo linalowaelemea wengi, huhisi kwamba wamenyang'anywa mikono. Mama anapobubujikwa na machozi, muuguzi hawezi kumshika bega. Mazungumzo yakiisha hubonyezwa kitufe, picha ikatoweka, na mama akabaki peke yake.

Wasiwasi wa kupitwa na dalili si wa kufikirika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani humtaka mhudumu azihesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima akiwa ametulia. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni ishara ya hatari. Kwa wa miezi miwili hadi kumi na miwili ni 50. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Video inayokwamakwama huzimeza pumzi. Rangi nayo hudanganya: weupe wa ulimi au wa viganja, ambao ndio humfichulia tabibu upungufu wa damu, hubadilika kwa mwanga wa koroboi, wa taa au wa jua la adhuhuri. Joto la mikono na miguu halipiti kiooni. Mpigo wa mshipa haupiti. Harufu haipiti. Tumbo gumu na tumbo laini huonekana sawasawa.

Yote hayo yasiyopita kiooni hayana budi kupitishwa na mtu aliye karibu, ambaye aghalabu ni mama, nyanya au mhamasishaji wa afya. Yeye ndiye mkono. Huambiwa aguse, abonyeze, afinye ngozi ya tumbo aone inarudi upesi au polepole, kisha aseme alichokihisi. Hapo uuguzi wote umegeuka kuwa kazi ya maneno: maelekezo yanayokwenda na maelezo yanayorudi.

Fanani, hadhira na kimya

Sisi tuliolelewa katika darasa la fasihi simulizi tunalijua tatizo hili hata kabla ya matabibu kulikuta. Tumefundishwa kwamba fasihi simulizi haikamiliki kwa maneno matupu. Kuna fanani na kuna hadhira, kuna toni, ishara za mikono na za uso, kuna mandhari ya utendaji, na kuna hadhira inayomrudishia fanani pumzi yake kwa kuitikia. Tumebishana miaka mingi kuhusu kinachosalia ngano inapotolewa barazani ikatiwa katika kanda au runinga. Jibu ambalo wengi wetu tumelikubali ni kwamba kinachosalia ni kingi, lakini fanani hana budi kuubadilisha utendaji wake, la sivyo atakuwa anasimulia katika mtungi.

Hali kadhalika, tabibu wa video ni fanani aliyetenganishwa na hadhira yake. Chukua jambo moja tu, kimya. Wodini, muuguzi anaponyamaza baada ya kutamka jambo zito, kimya chake huwa na maana. Mama huona kwamba amepewa nafasi ya kulia au kuuliza. Katika video, kimya hicho hicho humfanya mama aseme, "Haloo? Haloo, unanisikia?" Amedhani mtandao umekatika. Kinyume chake pia hutokea: mtandao hukatika kweli, na muuguzi akadhani kwamba mama amenyamaza kwa huzuni, akaendelea kuliliwaza dirisha lililoganda. Dawa yake ni ya kiisimu. Kimya cha video kinapaswa kutangazwa. "Mama, sasa tunyamaze sote kwa dakika moja, nami nizihesabu pumzi zake." Au, "Nitanyamaza kidogo, sijaenda popote, nipo." Neno nipo, ambalo wodini halina kazi kwa kuwa mwili wa muuguzi umelisema tayari, katika kioo hugeuka kuwa nusu ya tiba.

Chukua jambo la pili, macho. Anayetaka kuonekana anamtazama mwenzake katika video hulazimika kuitazama kamera, na akiitazama kamera hamwoni mwenzake. Nao watoto wengi wa jamii zetu wamefunzwa kwamba kumkazia mtu mzima macho ni utovu wa adabu. Tabibu asiyelifahamu hilo huenda akamwona mtoto aliyeinamisha uso akahitimisha kwamba amezidiwa au amekataa kuzungumza, kumbe ni heshima tu.

Homa ni ipi?

Sasa tuje kwa msamiati wenyewe. Katika shule zetu za upili tumefundisha sajili ya hospitali kwa miaka mingi, na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani huijua kama orodha: daktari, muuguzi, wodi, sindano, dawa, maabara. Orodha hiyo si kosa, ila haimsaidii mtu yeyote kumwokoa mtoto. Mazungumzo halisi ya tiba hayakwami kwenye nomino kama hizo. Hukwama kwenye maneno ambayo kila mtu anadhani anayajua.

Neno homa ni mfano bora. Kamusi huturudisha kwenye joto la mwili kupanda. Mkazi wa Nairobi asemapo, "Nina homa," huenda akawa na mafua na kupiga chafya. Wengine kwa homa humaanisha malaria, na wengine humaanisha ugonjwa wowote unaomlaza mtu. Kwa mtoto aliye katika matibabu ya saratani, joto likipanda ni dharura ya kukimbizwa hospitalini siku hiyo hiyo, kwani maambukizi yaweza kumuua kabla ya mapambazuko. Mafua bila joto hayana uzito huo. Muuguzi aulizaye, "Je, ana homa?" akajibiwa, "Homa kidogo," hajapata jibu lolote. Afadhali aseme: "Weka mgongo wa mkono wako kwenye tumbo lake. Ni la moto kuliko lako? Una kipimajoto? Kinasoma ngapi?"

Neno degedege nalo lina historia yake. Katika pwani na bara ya Tanzania watafiti wamewakuta wazazi wengi wasiouhusisha mtukutiko huo na malaria, ila wanauhusisha na nguvu zisizoonekana, na kwa hivyo wakampeleka mtoto kwa mganga kabla ya zahanati. Tabibu anayelitumia neno hilo katika video hana budi kujua kwamba huenda anauita ugonjwa mmoja na mama anausikia mwingine. Halimpasi kulidharau neno, wala kumdharau mama. Linalompasa ni kuuliza mtoto alifanya nini hasa: alikaza viungo, alitupa mikono, aligeuza macho, alipoteza fahamu kwa muda gani.

Tunapolinganisha maelekezo haya mawili, tofauti hujidhihirisha. La kwanza: "Tafadhali onyesha kifua ili tutathmini mfumo wa upumuaji." La pili: "Mama, mlaze chali, mfunue kifua. Simu ishike kwa urefu wa mkono wako. Hapo hapo. Sasa niambie, akivuta pumzi, hapa chini ya mbavu panaingia ndani?" La kwanza ni sanifu na halina dosari ya kisarufi. La pili nalo ni sanifu, na juu ya hayo linafanya kazi. Kamusi ya Tiba iliyochapishwa na TUKI mwaka 2003 ilitufanyia hisani kubwa kwa kutupa istilahi, na hakuna anayeibeza. Lakini istilahi ni matofali. Nani ameijenga nyumba?

Mgonjwa haulizwi uji?

Methali nyingine yetu husema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni njema: mwenye shida asaidiwe bila kusubiri aombe. Hata hivyo, kwa mtoto methali hii mara nyingi hugeuzwa kuwa kibali cha kutomuuliza lolote. Wauguzi wanaohudumu kwa video wameeleza kwamba mtoto ni mwepesi wa kutoweka katika fremu. Simu imeshikwa na mzazi, tabibu anazungumza na aliyeishika simu, na mwenye maradhi amebaki pembeni, akisemwa kwa nafsi ya tatu: amekula, hajalala, analia. Wodini angalau daktari humjongelea, akaketi ukingoni mwa kitanda. Katika kioo, asipotajwa kwa jina lake hayupo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Haki hiyo haina maana bila ya lugha ya kuitekeleza. Kipimo cha maumivu kinachotumika sana kwa watoto ni kile cha nyuso sita, kilichobuniwa Marekani na Donna Wong na Connie Baker mwanzoni mwa miaka ya 1980. Uso wa kwanza unatabasamu, wa mwisho unatiririkwa na machozi, na mtoto huuonyesha unaofanana na anavyohisi. Ni kipimo chenye manufaa, lakini hupima ukubwa wa maumivu pasi na kueleza sura yake. Kiswahili kina hazina ya kueleza sura. Tumbo husokota, kifua huchoma, kichwa hupwita au hugonga, jeraha huwasha moto, mguu hufa ganzi, viungo hukeketa. Kila kitenzi kati ya hivi humdokezea tabibu njia tofauti. Fauka ya hayo, tuna tanakali za sauti, na hakuna azipendaye tanakali kuliko mtoto. Mtoto asiyeweza kueleza maumivu yake kwa sentensi huweza kusema yanafanya du! du! du! au chwi! Tanakali tumezichambua katika riwaya na mashairi kwa tasnifu na tasnifu. Bado hatujazipeleka pale ambapo mtoto anazihitaji.

Macho hayana pazia

Nimeliacha jambo zito zaidi hadi hapa, nalo ni kupasha habari mbaya. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hakuna uchungu unaoshinda ule wa kuambiwa kwamba dawa zimeshindwa. Je, habari hiyo yafaa kupitishwa katika video?

Kuna suala la hadhira isiyoonekana. Macho hayana pazia, na masikio vilevile. Tabibu huiona sura ya mama peke yake, lakini katika chumba kimoja cha kupangisha huenda wamo jirani, shemeji na watoto wengine wanaosikiliza, na mgonjwa mwenyewe amelala umbali wa hatua mbili akijifanya amelala. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa miongoni mwa zile nyeti zaidi. Hata hivyo, sheria haiwezi kujenga ukuta katika chumba. Swali la kwanza la tabibu lingepaswa kuwa: "Mama, uko na nani hapo? Tunaweza kuzungumza?" Na mama apewe njia ya kujibu bila kulazimika kueleza sababu mbele ya hao waliopo.

Kuna pia suala la tafsida. Kiswahili ni lugha ya staha na huyafunika makali kwa nguo ya maneno. Husemwa kwamba hali si nzuri, kwamba tumwachie Mungu, kwamba tumefanya yaliyo katika uwezo wetu. Ana kwa ana, tafsida hizi hukamilishwa na uso wa msemaji, na mama huelewa. Katika picha iliyofifia na sauti inayokatikakatika, tafsida huweza kuanguka njiani, na mama akabaki na tumaini ambalo tabibu hakumpa. Kwa upande mwingine, kauli kavu inayotupwa kutoka kiooni ni ukatili. Ninaamini kwamba habari ya aina hiyo isipitishwe kwa video kwa mara ya kwanza ila pale ambapo njia nyingine haipo. Na ikibidi, awepo kando ya mama mtu aliyeandaliwa, awe mhamasishaji wa afya, muuguzi wa zahanati au ndugu, wa kumshika pale ambapo kioo hakiwezi. Neno lenyewe nalo lisemwe kwa upole lakini lisemwe, kisha mama aulizwe ameelewa nini.

Fasihi yetu haikuwa kiziwi kwa mambo haya. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, na jambo la awali alilomtaka binti yake ni kwamba asogee karibu. Mwanamke yule alijua kwamba maneno mazito yanadai ukaribu. Tabibu wa leo hawezi kumwambia mama asogee. Anaweza tu kuyachagua maneno yatakayomfanya ahisi kwamba amesogelewa. Hiyo ni kazi ya usanii wa lugha, na wasanii wa lugha ndio sisi.

Pingamizi mbili

Patakuwa na wa kunipinga, na hoja zao zinastahili kujibiwa. Wa kwanza watasema kwamba Kiswahili si lugha ya mama kwa Wakenya walio wengi, na kwamba bibi wa Turkana au wa Wajir hatafarijika kwacho. Ni kweli. Lakini daktari anayemhudumia bibi huyo huenda ametoka Murang'a au Vihiga, na lugha inayowaleta pamoja, moja kwa moja au kupitia kwa mkalimani, ni Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi. Tukiwa na maelekezo yaliyo wazi kwa Kiswahili, mkalimani atakuwa na kitu cha wazi cha kutafsiri. Kiswahili chenye utata huzaa tafsiri yenye utata maradufu. Ninaongeza kwamba mkalimani huyo asiwe mtoto wa darasa la sita anayetumwa kumwambia nyanyake kwamba ndugu yake hatapona.

Wa pili watasema kwamba pasipo na umeme, mtandao wala oksijeni, kuzungumzia tanakali za sauti ni anasa. Hao nawajibu kwamba mtandao unagharimu fedha ambazo idara zetu hazina, lakini sentensi iliyo wazi haigharimu chochote, na mtandao ukifika bila ya sentensi hiyo utakuwa umefikisha picha tu. Isitoshe, mahali mtandao ni dhaifu ndipo lugha inapohitajika zaidi. Picha ikikatika na sauti ikasalia, tumerudi kwenye redio ya miaka ya 1960, na atakayeokoa ni yule anayejua kuuliza.

Hitimisho

Ninapendekeza mambo matatu. Mosi, idara za Kiswahili zishirikiane na vyuo vya uuguzi na utabibu kukusanya maswali na maelekezo ambayo wahudumu huyatumia kwa wazazi wa watoto wagonjwa, yajaribiwe kwa wazazi wenyewe, kisha yachapishwe katika kijitabu chepesi cha kutiwa mfukoni. Pili, ufundishaji wa sajili ya hospitali uondoke katika orodha za nomino na kuingia katika mazungumzo kamili, pamoja na kimya chake, upole wake na namna yake ya kuuliza tena. Tatu, sisi wanafunzi wa uzamili tunaotafuta mada za tasnifu hadi tukachoka tutambue kwamba hapa pana shamba ambalo halijalimwa: tafsida katika habari za kifo, lugha ya maumivu miongoni mwa watoto, utendaji wa fanani asiyeiona hadhira yake.

Chama chetu kina wanachama katika kaunti nyingi, na karibu kila kaunti ina zahanati ambayo muuguzi wake ameshika simu akimtafuta daktari wa mbali. Tuanze kwa kwenda kumsikiliza muuguzi huyo. Tumuulize ni neno gani lililomkwama siku mtoto alipozidiwa, na tuliandike.